Mwaka Tulipoanza Kuulizwa

Kiwanda cha sabuni nilichofanyia kazi kilikuwa upande wa juu wa mji wa Baraka, mashariki mwa Congo, kando ya barabara iendayo Fizi. Kulikuwa na uwanja uliozungushiwa matofali, mabanda ya mabati, mapipa mawili makubwa ya chuma ya kuchemshia mawese, na fremu za mbao ambamo sabuni ilimwagwa igande. Wanaume walichochea moto, wakakoroga, wakabeba. Sisi bamama tulikata. Unashika waya uliofungwa vijiti kwenye ncha zake, unauvuta kuelekea kifuani, na mche wa sabuni unaachana na mwenzake bila kelele. Mwingine anagonga muhuri, mwingine anapanga kwenye katoni.

Patroni wetu, mwenye kiwanda, alikuwa mtu wa hapa hapa, mtoto wa mchungaji, aliyeanza kwa kuuza mawese sokoni kwa vidumu. Hakuwa mtu wa kutukana. Alipokuja asubuhi alisalimia kila banda, na kama una mgonjwa nyumbani alimuulizia. Hata hivyo, kufukuza alifukuza. Msimu mawese yalipopungua tulikuwa tukifika getini tunamsikia mlinzi akisema fulani asiingie, na huyo fulani anageuka na chakula chake mkononi. Hatukuuliza sababu. Kazi ilikuwa yake.

Halafu siku moja akaja mtu wa ofisi ya kazi kutoka Uvira. Tulikusanywa mbele ya fremu, mikono bado ina utelezi. Alianza kwa Kifaransa, akaona nyuso zetu, akahamia Kiswahili. Alisema kiwanda kikishafika ukubwa kama wa hiki, sheria ya nchi inataka wafanyakazi wachague delege zao, wawakilishi wa kuwasemea. Patroni hawezi kupunguza watu kwa sababu ya uhaba wa kazi, wala kubadilisha saa, wala kuandika kanuni, kabla ya kuwasikiliza delege hao. Alilisema jambo hilo mara mbili, taratibu, kama mtu anayejua kwamba haaminiki. Patroni alikuwa amesimama kando yake akitabasamu.

Tabasamu hilo halikunipendeza. Mimi nilikulia ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi mkoa wa Kigoma, kwa kuwa wazazi wangu walivuka kukimbia vita nikiwa ningali mgongoni. Kule tuliitwa kwenye mikutano mara nyingi kutoa maoni. Mabomba ya maji yawekwe wapi? Kuni zikatwe wapi? Watu wazima walisema mpaka jua likainama, kila mmoja na hoja zake, na wageni wa mashirika ya misaada waliandika. Kesho yake mabomba yaliwekwa pale ambapo vigingi vilikuwa vimepigwa tangu wiki iliyotangulia. Baba aliendelea kwenda. Mama aliacha. Alisema wakikuuliza ujue wameshakata shauri, wanatafuta tu wa kushiriki lawama. Mimi nilikuwa upande wa mama, na niliporudi Congo nilirudi na fikra hiyo.

Kwa hiyo uchaguzi ulipotangazwa sikujitokeza. Na si mimi peke yangu. Wanaume walisema delege ndiye wa kwanza kufukuzwa. Bamama walisema delege ndiye wa kwanza kununuliwa. Wenzetu Warundi, waliotoka kambi ya wakimbizi iliyo jirani na Baraka, walirudi nyuma kabisa. Waliogopa jina likiandikwa huku litasomwa na kule, kisha chakula cha familia kikatwe. Mtu wa Uvira aliwaambia mfanyakazi ni mfanyakazi. Waliitikia kwa vichwa, lakini miguu yao haikusogea.

Mwisho walinichagua mimi kwa upande wa bamama, na kwa wanaume wakamchagua Mrundi mmoja mpole aliyetunza moto wa mapipa. Nilidhani ni heshima. Baadaye nilisikia sababu. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa Kiswahili changu cha Tanzania kingependeza mbele ya Patroni. Yeye alichaguliwa kwa kuwa likitokea baya, atakayeondoka awe mgeni, si mtoto wa nyumbani. Hakuna aliyemwambia jambo hilo. Siku ya kwanza tulipokuwa tunaelekea ofisini kwa Patroni, aliniambia mwenyewe, akitazama mbele, kwamba amelijua tangu walipotaja jina lake.

Ofisini tulikuta soda na mandazi. Mwenzangu hakugusa. Mimi niliinywa ile soda kwa aibu ya kuiacha. Patroni aliuliza tunataka nini. Tuliomba glavu, kwa maana soda ya sabuni, ile dawa kali inayochanganywa na mawese, ilitula vidole. Wiki hiyohiyo glavu zilikuja, katoni nzima, kila mtu jozi yake.

Ungedhani watu wangefurahi. Walizivaa, lakini waliniangalia. Mama mmoja mgonga muhuri, mtu mzima kuliko sisi wote, mjane aliyelea watoto wake kwa kazi ile, alizigeuzageuza zile zake, kisha akaomba aone zangu. Alizilinganisha kidole kwa kidole. Zilikuwa sawasawa. Akanirudishia akisema, "Kitu mutu anakupatia mbio hivi, ujue kuko ingine anakuya kukamata."

Na mimi niliwaza hivyohivyo.

Kilichofuata kilikuja na kiangazi. Patroni alituita tena, safari hii bila soda. Alisema mawese hayaji. Lori linalokwenda kuyachukua upande wa Lubondja linarudi nusu tupu. Pipa moja litabaki baridi. Zamani angepunguza watu asubuhi moja na yakaisha, lakini sasa sheria inasema atuulize kwanza, basi anatuuliza. Alikunja mikono juu ya meza akangoja.

Sikuamini hata neno. Jioni ileile nilipita sokoni makusudi. Vidumu vya mawese vilikuwa vimepangwa, vyekundu, vinang'aa. Kama hakuna mawese, haya ni nini? Kiwandani watu walikuwa na majibu yao tayari. Wengine walisema anayaficha auze Uvira. Wengine walisema anataka kukipasua kiwanda viwe viwili, kimoja kibaki hapa na kingine kiende Swima alikoonekana akipima kiwanja, ili kila kimoja kiwe kidogo na ile sheria isikifikie. Maneno ya namna hiyo yana nguvu, maana hayahitaji ushahidi. Yanahitaji tu mtu awe na pesa na wewe usiwe nazo.

Nilimwambia mwenzangu twende Lubondja tukajionee. Akasema yeye na kitambulisho chake cha ukimbizi atakwama kwenye kizuizi cha kwanza cha barabarani. Nikamwendea yule mama mgonga muhuri. Nilimtaka yeye hasa, kwa kuwa hakuniamini. Nikirudi na habari, asiseme nimeitunga. Patroni aliposikia alisema tuchukue piki yake na mafuta juu yake. Nilikataa. Nilimwambia akilipa mafuta, macho yatakuwa yake. Alinitazama kidogo, akasema sawa. Bamama wakachanga, tukapanda piki ya kukodi, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nikishikilia chuma.

Lubondja tulipokelewa na familia moja yenye mashine ya kukamulia ngazi, yaani chikichi zinazotoa mawese, watu waliokuwa wakimuuzia Patroni kwa miaka. Mama mwenye nyumba alitukaribisha kwa mihogo ya kuchemsha kabla hajauliza tumefuata nini. Nilimweleza. Alitupeleka nyuma ya nyumba. Mashine ilikuwa imesimama chini ya paa la nyasi, na ndani ya mdomo wake, pale ngazi zinapomiminwa, kuku alikuwa amelalia mayai. Alitukodolea jicho, hakuinuka.

Mama yule alieleza bila kulalamika. Mingazi ni ya zamani, ilipandwa na babu zao, na kiangazi haizai sana. Mashamba mazuri yako mbali, upande wa milima, na tangu milio ya bunduki isikike huko watu hawathubutu kwenda kukata. Kidogo kinachopatikana kinakamuliwa kwa miguu, na watu wa piki wanakuja kukichukua kwa pesa ya mkononi na kwa bei ya juu, kwa kuwa ni mawese ya kula, si ya sabuni. Hayo ndiyo mawese niliyoyaona sokoni. Kwa bei ile hakuna mchemsha sabuni anayeweza kuyanunua.

Tulizunguka nyumba nyingine. Habari ilikuwa moja.

Tulipokuwa tunamngoja dereva wa piki chini ya kivuli cha kanisa lao, nilimwambia mama mgonga muhuri kwamba basi Patroni hakudanganya. Alifunga vizuri mihogo aliyopewa.

"Alijua tunakuya," akasema.

"Kwa hiyo kuku yule aliwekwa na Patroni?"

"Mi sijui kuku iliwekwa na nani."

Leo nikikumbuka nacheka. Siku ile sikucheka. Niliona wazi kwamba nimepata ukweli na hautanisaidia kitu. Kama Patroni angekuwa mwongo, ningerudi shujaa. Nilikuwa natamani awe mwongo, na sikuwa nimejua kwamba natamani hivyo.

Kesho yake niliwaambia wote mbele ya fremu. Nilieleza mashine, mashamba, watu wa piki. Hakuna aliyeniuliza juu ya mawese. Kijana mmoja mkorogaji aliuliza Patroni amenipa nini. Wakamgeukia shahidi wangu. Akasema, "Tulikuta mashine iko nalala. Sababu gani inalala, haikuniambia." Kisha akakaa. Hakusema uongo.

Ilibidi tuamue, maana Patroni alikuwa anangoja neno. Ama baadhi waondoke, ama wote wabaki na kila mtu afanye nusu ya siku za kazi kwa nusu ya malipo. Vijana wenye nguvu walitaka wachache waondoke. Walijua si wao watakaoondoka. Mwenzangu, ambaye katika mikutano alikuwa haongei, alisimama safari hii. Alisema kambini posho inapopunguzwa hupunguzwa kwa kila nyumba, na watu wanasikia njaa, lakini hakuna nyumba inayolazimika kumchukia jirani. Mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba hapa si kambini. Yeye alisikia, akamaliza alichokuwa anasema, akaketi. Tulipiga kura kwa kusimama upande huu na upande ule. Nusu ya siku ilishinda, kwa sababu ya bamama.

Patroni alikubali, lakini mimi nikaongeza sharti. Nilitaka kila juma tufunguliwe stoo tuone mapipa ya mawese yaliyobaki, ili siku yakirudi tujue na siku zetu zirudi. Hapo ndipo nilipomwona anasita kwa mara ya kwanza.

"Leo munaona ninyi," akasema, "kesho soko yote imeona. Mwenye kununua akijua stoo yangu iko tupu, ananipangia bei. Mwenye kuuza akijua, anapandisha. Mimi nitabakia na nini?"

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba na yeye anatuogopa. Mwisho alikubali kwa masharti yake: tutaona sisi wawili tu, na hatutamwambia mtu.

Nilikubali bila kupima nilichokikubali. Kuanzia juma lile, kila nilipotoka stoo bamama waliuliza kuna ngapi, na nilijibu bado ni kidogo, subirini. Wakiuliza kidogo ni kiasi gani, nilinyamaza. Nikawa mtu anayejua na hasemi, yaani mtu yuleyule niliyemchukia tangu kambini. Nilipoingia bandani mazungumzo yalihama kwenye mambo ya kanisa. Wakati wa kula walifunua bakuli lao la sombe, majani ya muhogo, bila kuniita. Haikuwa kwa matusi. Waliniachia nafasi pembeni, kubwa kidogo kuliko ninayohitaji. Mwenzangu aliniambia kwa upande wake ni nafuu, kwa kuwa hata kabla hawakuwa wakimwita.

Msimu ule ulikuwa mgumu. Nyumbani tulikula bugali na ndagala, na dagaa wenyewe wachache. Vijana kadhaa waliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na wengine hawakurudi kazini tena. Kwa hiyo wale waliotaka wengine wafukuzwe ndio walioondoka wenyewe. Mama mgonga muhuri alilima mihogo siku zisizo za kazi. Lakini msimu mzima hakuna aliyerudishwa getini na chakula chake mkononi.

Mvua zilipokuja ngazi zikakomaa, na bunduki za milimani zikatulia kwa muda, njia zikapitika. Lori likarudi limejaa. Pipa la pili likawashwa asubuhi moja, na watu walikuwepo wanaojua kulichochea. Mjini kulikuwa na mchemsha sabuni mwingine, mdogo, ambaye sheria haikumhusu. Yeye aliwaondoa watu wake wote wakati wa kiangazi, akaanza upya na mikono mipya, na sabuni yake ya miezi ile ilipasuka ikikauka. Wanunuzi kutoka vijiji vya ziwani walikuja kwetu. Patroni aliongeza wakataji. Siku zetu zilirudi zote, na malipo yake.

Mtu angesema basi, sheria ilifanya kazi. Labda. Patroni mwenyewe alisema hivyo mbele ya kila mgeni. Nilimsikia siku moja akimwambia mfanyabiashara kutoka Uvira kwamba yeye na wafanyakazi wake huamua pamoja. Tangu msimu ule kila kitu kilikuja na jina letu. Alituita juu ya wanaochelewa, akatusikiliza, akaandika nusu ya tuliyosema na nusu ya aliyotaka yeye, kisha kanuni ikabandikwa getini na mlinzi akawa anasema, "Delege walikubali." Zamani watu walimnung'unikia Patroni. Sasa walitunung'unikia sisi, na yeye aliendelea kusalimia kila banda asubuhi, akipendwa kuliko mwanzo.

Nilimfuata ofisini, peke yangu. Nilimwambia anatumia jina letu kama muhuri wa sabuni.

"Si mulitaka kuulizwa?" akasema.

"Tulitaka kusikilizwa."

"Niliwasikiliza. Kiangazi kile kama ningefanya yangu, leo ningekuwa kama yule wa pale chini, na sabuni ya kupasuka. Ninajua. Ndiyo maana siwezi kuacha kuwauliza." Alisema kwa utulivu, na nilishindwa kuona ni wapi shukrani inaishia na hesabu inaanzia.

Nikamuuliza habari ya Swima, kama ni kweli alitaka kukigawa kiwanda ili sheria isimfikie. Nilitegemea akane.

"Niliwaza," akasema. "Kila patroni mwenye watu wengi amewaza. Lakini lori iko moja, Mama. Ningeikata katikati namna gani?"

Kiwanja cha Swima, alisema, ni cha kuwekea katoni zinazosubiri mitumbwi. Na kweli leo kuna stoo pale, na katoni ndani. Nimeiona. Kila nikipita nachungulia.

Muda wetu ulipoisha, watu wa kugombea walikuwa wengi. Walewale waliokwepa siku ya kwanza walisukumana mbele, wakafanya kampeni mpaka kanisani. Mwenzangu hakugombea, alikuwa ameamua kuacha moto na kukodi shamba, na mke wake alikuwa amechoka kumwona akirudi na macho mekundu ya moshi. Kwa upande wa bamama alishinda mgonga muhuri. Alishinda kwa sababu hakumwamini mtu, na kila mmoja aliamini kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kununuliwa. Na mimi nilimpigia kura.

Kiangazi kingine kilipokaribia, alitoka stoo akiwa na uso wa mtu aliyefunga mlango. Tulikuwa tunakata. Nilimuuliza, kama nilivyoulizwa mimi, kuna mapipa mangapi ya mawese ndani.

"Iko," akasema.

"Mangapi, Mama?"

"Nimesema iko."

Akavaa glavu, akachukua muhuri wake. Nilikuwa nimelinda siri hiyohiyo. Nilijua kwa nini hasemi na nilijua aliahidi nini. Hata hivyo nilivuta waya kuelekea kifuani nikijiuliza wamekubaliana nini mle ndani, na niliona mama aliye upande wangu wa pili naye anauliza hivyohivyo kwa macho. Wakati wa kula hatukumwita haraka. Mimi ndiye niliyemwita mwishowe, nikamsogezea sahani. Alikula kidogo, akiwa ameipa ofisi mgongo, na hakutuambia chochote.